Baiskeli ya kwanza ya mbio: nifuate ringi nzuri au gia nzuri?

Mpanda_Marangu

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Niko Moshi, uzito wangu kilo 74. Nina baiskeli ya mlimani ninayoendea kazini, na Jumamosi naungana na wenzangu kuelekea Himo, halafu tunapandisha Marangu. Wenzangu wako kwenye baiskeli za mbio. Kwenye tambarare nabaki nyuma, nikiwakuta wameshapumzika. Nimeweka akiba na sasa nataka ya kwangu.

Nimepata mbili, zote mtumba wa Ulaya, fremu za alumini, breki za kubana ringi. Bei ni ile ile, milioni moja na laki mbili.

Ya kwanza ina gia za Shimano 105, daraja la kati, gia 10 nyuma. Ringi zake ni za kawaida na nzito, zilizotoka na baiskeli kiwandani. Ya pili ina Shimano Claris, daraja la chini, gia 8 nyuma, ila aliyekuwa nayo aliifunga ringi za kaboni, zile nene zenye kina kama cha sentimita 5. Zinapendeza kwelikweli, na ukiinyanyua baiskeli unausikia wepesi.

Kwa anayeanza, kipi kina uzito zaidi, ringi au gia? Muuzaji wa hii ya pili anasema ringi ndiyo baiskeli yenyewe, gia utabadilisha siku yoyote. Yule mwingine anasema kinyume chake. Sina hela ya kununua mara mbili.

Upepo_wa_Same

Mkuu, chukua yenye ringi za kaboni. Gia 8 zinatosha kabisa, watu wamezunguka nchi hizi na gia chache kuliko hizo. Ringi nyepesi unaisikia kila unapokanyaga kutoka kwenye kusimama, na ukishafika 35 kwa saa ile kina ya ringi inapasua upepo vizuri. Ringi za namna hiyo ukienda kuzinunua mpya, bei yake inakaribia ya baiskeli nzima unayouziwa.

Mwalimu_wa_Iringa

Napingana na hapo juu kwa heshima zote. Gurudumu ni kitu cha kufungua na kufunga, dakika mbili umeweka jingine. Gia ni ukoo mzima: shifta mbili za kubadilishia gia kwenye usukani, dereila (kisogeza cheni) ya mbele na ya nyuma, kaseti (rundo la meno la nyuma), cheni, mara nyingine na krenki (mikono ya pedali na sahani zake). Ukitaka kutoka gia 8 kwenda 10, vyote hivyo lazima vipatane, huwezi kubadilisha kimoja ukaacha vingine. Shifta peke yake zitakutoa jasho. Nunua gia nzuri leo, ringi zitakuja taratibu.

Dada_Kilele

Kabla hamjaenda mbali: urefu wako ni upi na fremu hizo ni saizi gani? Naona mnajadili ringi na gia kama vile baiskeli haina mtu juu yake.

Mpanda_Marangu

Dada, nina sentimita 170. Ya 105 imeandikwa 56, ya Claris 54.

Dada_Kilele

54 ndiyo inayokukaribia. Kwenye 56 utajinyoosha kuufikia usukani, na baada ya saa mbili shingo na mabega vitakuambia. Unaweza kufupisha shingo ya usukani kidogo, lakini fremu kubwa inabaki kubwa. Panda zote mbili, shika breki ukiwa umeinama chini kabisa, uone kama viwiko vinabaki vimelegea.

Fundi_Pasua

Mdogo wangu, hili ni swali ninaloletewa sana hapa kijiweni, na kila mara namrudisha mtu kwenye jambo moja: hesabu meno. Jina lililoandikwa kwenye dereila linakuambia gia zinabadilika kwa ulaini gani. Meno ndiyo yanayokuambia kama Marangu utafika umekaa au unakokota. Rudi kwa hao wauzaji, hesabu meno ya sahani mbili za mbele, na nyuma hesabu ile ndogo kabisa na ile kubwa kabisa. Kisha leta namba hapa.

Mpanda_Marangu

Nimerudi, wakuu. Ya 105 mbele ina 53 na 39, nyuma 12 hadi 25. Ya Claris mbele 50 na 34, nyuma 11 hadi 28.

Fundi_Pasua

Ahsante. Sasa tuongee.

Gia nyepesi kabisa ya hiyo 105 ni 39 kwa 25. Gawanya, unapata 1.56. Maana yake ukizungusha pedali mzunguko mmoja, gurudumu linazunguka mara moja na nusu na zaidi, na baiskeli inasogea kama mita 3.3. Ya Claris ni 34 kwa 28, yaani 1.21, na inasogea kama mita 2.5.

Ukiwa mlimani umechoka, unazungusha labda mara 60 kwa dakika. Kwa 105 hiyo lazima uwe unakwenda karibu kilomita 12 kwa saa ndipo miguu izunguke hivyo. Kwa Claris ni kilomita 9 tu. Kupanda kwa 12 kwenye mwinuko wa asilimia sita ni kazi ya mtu aliyefanya mazoezi ya muda mrefu. Anayeanza atashuka hadi mizunguko 45, atasimama juu ya pedali, magoti yatapokea mzigo wote. Nimeona vijana wameacha baiskeli kwa sababu ya magoti, na tatizo lilikuwa meno ya mbele.

Kwa hiyo kwenye barabara zako, hiyo inayoitwa gia ya daraja la chini ndiyo yenye gia inayokufaa. 105 ni kifaa kizuri, inabadilika laini na inadumu. Lakini hiyo uliyoiona ilipangwa kwa ajili ya mtu wa mashindano, au wa nchi tambarare.

Utauliza, si nitabadilisha meno? Mbele hapana, usipobadilisha krenki nzima. Krenki nyingi za 53 na 39 za zama hizo zina boliti za kushikia sahani zilizopangwa kwenye duara la milimita 130, na sahani ndogo kabisa inayoingia hapo ni ya meno 38. Ile 34 haikai. Nyuma utapata 28, na kwa dereila ya mkono mfupi mara nyingi umefika mwisho. Claris yenye mkono mrefu unaifungia kaseti ya 11 hadi 32 bila kelele, na hapo unapanda kwa kilomita 8 kwa saa miguu ikizunguka kawaida. Kaseti na cheni za gia 8 zinapatikana kirahisi na kwa bei nafuu, hata hapa Moshi. Za gia 10 mara nyingi tunaagiza.

Mwalimu_wa_Iringa

Fundi, hapo umenena. Mimi nilichukulia kwamba zote zina meno sawa. Kwa namba hizo nahamia upande wako, na aliyewahi kupanda Kitonga na 39 kwa 25 ataelewa.

Upepo_wa_Same

Basi tumekubaliana, achukue ya Claris pamoja na ringi zake za kaboni.

Fundi_Pasua

Baiskeli ndiyo. Ringi bado.

Tuanze na wepesi. Tuseme ringi hizo zimepunguza gramu 400. Wewe, baiskeli, maji na viatu ni kama kilo 87. Gramu 400 ni nusu asilimia. Kwenye mlima wa saa moja utaokoa sekunde zisizofika ishirini. Uzito unaozunguka una faida yake pale tu unapoongeza mwendo. Ukishakuwa kwenye mwendo mmoja, na mlimani ndivyo ilivyo, gramu ya kwenye ringi na gramu ya kwenye chupa ya maji zinalingana. Kina cha ringi kinasaidia kweli kwa anayekwenda 35 na kuendelea. Ila ubavu huo huo upepo unausukuma, na ninyi mnaopita Mwanga na Same mnajua upepo wa pale unavyokuja kwa vishindo. Mtu anayejifunza kushika usukani mwembamba, malori yanampita, sitaki gurudumu lake la mbele livutwe pembeni.

Kinachonitisha zaidi ni breki. Kaboni ya mtumba, breki za kubana ringi, halafu unashuka Marangu.

Korogwe_hadi_Mtae

Naomba niongeze hapo maana yamenikuta. Nilikuwa na ringi za kaboni za mtumba nikishuka kutoka Lushoto kuja Mombo. Ni kilomita thelathini na kitu, kona juu ya kona, na unashuka karibu mita 1,000. Unabana breki muda wote. Alumini inapokea joto na kulitoa haraka. Kaboni inalibakiza pale pale breki inapobana, gundi inayoshika tabaka zake inalainika. Katikati ya njia breki ya nyuma ilianza kudunda kila mzunguko. Niliposimama, ukuta wa ringi ulikuwa umevimba, ukipitisha kidole unasikia. Nilimalizia kwa gari la mizigo. Kama ingekuwa ya mbele nisingekuwa naandika hapa.

Mvua ndiyo usiseme. Kaboni ikilowa, unabana na baiskeli inaendelea kwanza.

Upepo_wa_Same

Pole sana ndugu. Mimi zangu nazitumia kwenye tambarare tu, na nilizinunua mpya nikajua zilikotoka. Kwa kushuka Usambara au Marangu siwezi kumshauri mtu atumie za mtumba zenye historia asiyoijua. Kwa tambarare nabaki na msimamo wangu.

Mpanda_Marangu

Nimeelewa mengi. Sasa nifanyeje? Baiskeli ninayoitaka ndiyo yenye ringi nisizozitaka.

Dada_Kilele

Muulize muuzaji kama ringi za mwanzo za alumini bado anazo. Watu wengi wakifunga za kaboni, zile za kwanza wanazitupa stoo. Mwambie abaki na kaboni zake akamuuzie mwingine, akupunguzie bei. Ringi hizo zina soko, atakubali.

Zikikosekana, magurudumu ya ile nyingine au ya mtumba wowote yataingia. Habu (kitovu cha gurudumu) ya Shimano inayobeba kaseti ya gia 8 ndiyo hiyo hiyo inayobeba ya 9 na ya 10.

Nai_Magadi

Salamu kutoka Nairobi. Sisi tukishuka Magadi Road asubuhi, kurudi kwa kupanda Corner Baridi jua likiwa limewaka ndipo unajua baiskeli yako ina nini, kwa hivyo mimi naunga mkono fundi kuhusu meno. Nataka tu kuongeza tairi. Pesa itakayobaki iweke kwenye tairi nzuri kabla ya kitu kingine chochote. Tairi ngumu ya bei rahisi na tairi laini nzuri, ukienda 30 kwa saa, zinaweza kutofautiana wati kumi hadi ishirini kwa jozi. Hiyo ni kubwa kuliko utakachopata kwa ringi za kaboni ukiwa kwenye mwendo wako. Angalia kama fremu inaingiza tairi ya upana wa milimita 28. Kwa kilo 74 jaza 75 psi hivi, usijaze hadi iwe jiwe.

Mpanda_Marangu

Nimeongea na muuzaji. Ringi za alumini anazo. Tumefikia laki tisa na nusu bila zile za kaboni, akinifungia za zamani pamoja na raba mpya za breki. Nimepanda pia, 54 imenikaa vizuri, viwiko vimelegea kama Dada alivyosema. Nafasi ya tairi inaonekana inaruhusu 28 ila kwa shida kidogo mbele. Namalizana naye kesho mchana. Kuna cha kukagua kabla sijatoa hela?

Fundi_Pasua

Bei nzuri hiyo. Nenda na rula ya chuma yenye inchi.

Cheni: weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu hadi inchi 12. Pini ikiangukia 12 kamili, cheni ni nzima. Ikipita kwa sehemu moja ya kumi na sita, badilisha cheni. Ikipita kwa sehemu moja ya nane, cheni na kaseti vyote vimekwisha, na hapo omba punguzo jingine, kisha moja kwa moja weka ile 11 hadi 32.

Ringi za alumini: pitisha kidole pale raba inapobana. Ukikuta pameliwa kama bonde, au mfereji mdogo wa alama ya kuonyesha uchakavu umefutika, zikatae, ukuta umekuwa mwembamba. Zungusha gurudumu uone kama linapinda kushoto na kulia. Kupinda kidogo nitapiga spoki, hilo lisikutishe. Shika gurudumu ulitikise kwa pembeni, likicheza, beringi za habu zinataka kazi.

Tairi ya mbele ikikaribia fremu acha 25 mbele, weka 28 nyuma. Uzito wako mwingi uko nyuma.