Mahudhurio ya kidato cha tatu yanaingia vipi katika alama za KCSE?

Shangazi wa Langoni

Assalamu alaykum. Ninamlea mtoto wa kaka yangu hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa, na dada yake yuko Gredi ya 10 katika shule nyingine ya kisiwa hikihiki. Juzi niliitwa shuleni kwa kijana, na naibu wa mwalimu mkuu akanifungulia rejista ya darasa. Mstari wa jina lake una mapengo, tena si ovyo ovyo: siku tatu nne mfululizo hayupo, kisha yupo wiki nzima na zaidi, kisha hayupo tena. Sikuhitaji kuelezwa zaidi, kwani siku hizo ni za bamvua. Mjomba wake ni mvuvi wa pweza, na maji yakipwa sana hata miamba ikabaki wazi, humchukua kijana waende pamoja. Fedha zinazopatikana huko ndizo zinazolipia chakula chake cha mchana na sare, kwa hiyo siwezi kusema kwamba ni mchezo.

Naibu aliniambia mambo matatu: kwamba asiyefikisha mahudhurio hatafanya mtihani wa mwisho wa muhula, kwamba mahudhurio yanahesabiwa katika KCSE, ule mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha nne, na kwamba kijana akiendelea hivi atarudia kidato cha tatu. Kijana naye ananituliza, ananiambia, "Shangazi, KCSE ni mtihani wa mwisho tu, alama za muhula hazipelekwi popote, na mimi ninasoma usiku." Kila mmoja anazungumza kwa uhakika kamili. Naomba anayejua anieleze kanuni ilivyo, na kama dada yake, ambaye hukosa siku chache tu, yuko chini ya kanuni hiyohiyo.

Mwalimu wa Kemia, Faza

Wa alaykum salaam, Bi Shangazi. Katika hilo la alama za muhula, kijana amesema kweli. Mtihani wa kufungua muhula, ule wa katikati na ule wa mwisho ni mali ya shule. Hutuonyesha sisi walimu nani ameelewa na nani ameachwa nyuma, na hakuna hata alama moja kati ya hizo inayoingizwa katika gredi ya KCSE. Vilevile hakuna asilimia ya mahudhurio katika gredi hiyo. Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, hutunga karatasi, huzisahihisha na kutoa gredi kuanzia A ya pointi 12 hadi E ya pointi 1.

Hata hivyo mahudhurio yana milango miwili ya kuingilia, na sidhani kijana ameifikiria. Mlango wa kwanza ni karatasi za vitendo. Kemia, Biolojia na Fizikia kila moja ina karatasi ya tatu inayofanywa maabarani, na ujuzi wake haupatikani kwa kusoma usiku. Chukua mfano wa kupima asidi dhidi ya besi kwa bureti, lile bomba la kioo lenye alama za ujazo na koki chini yake. Mwanafunzi humimina asidi kidogo kidogo juu ya besi iliyotiwa kiashiria cha fenofthaleni, akingoja rangi ya waridi itoweke. Ikishatoweka, tone lililozidi halionekani kwa jicho, lakini linaonekana katika hesabu. Bureti yenyewe husomwa jicho likiwa sawasawa na maji, kwenye ukingo wa chini wa ule mkunjo unaofanyika ndani ya bomba, na anayesoma akiwa ameinama au amejiinua hupata nambari nyingine kabisa. Jaribio hurudiwa mara tatu, matokeo huandikwa katika jedwali kwa idadi ileile ya nafasi za desimali, kisha wastani wake hulinganishwa na jibu alilolipata mwalimu kwa kemikali zilezile. Tofauti ya sehemu chache za kumi za sentimita ya ujazo inatosha kumpotezea mtu alama. Nimewaona vijana wenye akili nzuri sana ya nadharia wakitetemeka mkono siku ya mtihani, kwa sababu tu hawakuizoea ile koki ya bureti.

Sasa angalia saa. Katika bamvua, maji ya pwani yetu hupwa kabisa asubuhi, mwendo wa saa nne, na katika shule yangu huo ndio wakati wa vipindi viwili vya mfululizo vya maabara. Kijana hakosi siku tatu za masomo kwa ujumla. Huenda anakosa maabara ileile kila majuma mawili, wala alama za muhula haziwezi kuonyesha pengo hilo ikiwa shule hupima nadharia pekee.

Mlango wa pili ni miradi. Je, anasoma Kilimo, Kompyuta au Sanaa?

Mjumbe wa Bodi, Mpeketoni

Niongeze upande wa sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi au mlezi ahakikishe mtoto anahudhuria shule bila kukatiza, na inamtaka mwalimu mkuu achunguze sababu anapoona mwanafunzi hahudhurii. Kwa hiyo naibu alifanya sawa kukuita, nawe usichukulie wito huo kuwa ni fitina. Lakini sheria hiyohiyo inakataza mwanafunzi kukaririshwa darasa au kufukuzwa kiholela, na tishio la kurudia kidato cha tatu halina miguu kwa sababu nyingine iliyo wazi zaidi. KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023, walioufanya wakaingia kidato cha kwanza 2024, na hao ndio watakaofanya KCSE ya 2027. Nyuma ya kijana wako hakuna darasa, Bi Shangazi. Mwakani hakutakuwa na kidato cha tatu nchini. Atarudia wapi?

Kuhusu kumzuia asifanye mtihani wa muhula, sijaridhika nako hata kidogo. Aliyekosa vipindi ndiye anayehitaji kupimwa ili ijulikane amekosa nini. Kumnyima karatasi ni kumpa sababu ya kwenda baharini siku ya mtihani pia.

Mwalimu wa Gredi ya 10, Malindi

Nimesoma swali na ninaona kila mtu ameelekea kwa kijana, ilhali mimi ningeanza na dada yake. Yeye yuko katika mtaala mpya wa umilisi, si ule wa kaka yake wa KCSE, na huko mambo yamegeuka. Alipofanya KJSEA, yaani tathmini ya kumaliza shule ya upili ya chini, mwaka 2025, mtihani wa Gredi ya 9 ulikuwa na uzito wa asilimia 60 tu. Asilimia 20 ilitoka katika tathmini ya Gredi ya 6, na asilimia 20 nyingine katika tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Yaani alipoingia chumba cha mtihani, sehemu ya matokeo yake ilikuwa imekwisha kuandikwa. Tathmini ya shuleni ni uti wa mgongo wa mtaala huu, wala haikomi katika shule ya upili ya juu.

Tathmini hizo si mitihani ya kukaa kimya na kujibu maswali pekee. Nyingi ni kazi za vitendo: kikundi kinatengeneza kitu, kinakiwasilisha mbele ya darasa, mwalimu anaangalia nani amefanya nini na kuweka alama papo hapo kwa vigezo alivyopewa. Binti ambaye hakuwapo siku ya kuwasilisha hawezi kuazima daftari la mwenzake akayanakili aliyoyakosa. Zaidi ya hayo, kila mwanafunzi wa Gredi ya 10, awe katika mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), wa Sayansi za Jamii au wa Sanaa na Michezo, ana somo la mafunzo kwa huduma ya jamii, ambalo haliwezekani bila kutoka pamoja na wenzake. Kwa hiyo siku zake chache huenda zikamgharimu kuliko siku nyingi za kaka yake. Ukienda shuleni kwake, omba uonyeshwe ni tathmini zipi zimekwisha kufanywa muhula huu na ni zipi amekosa. Tathmini hizo zina kumbukumbu, si siri.

Mtoto wa Kizingitini

Mimi nilifanya KCSE miaka michache iliyopita nikitoka upande wa Pate. Kusoma usiku kunatosha kwa Historia na kwa Dini, kwa Hisabati kunatosha nusu, na maabarani hakufai kitu. Hilo la Mwalimu wa Faza ni kweli tupu. Lakini wazee wangu, tuseme na upande wa pili: wakati wa kusi bahari inapochafuka, wapo walimu wanaolala ng'ambo wakashindwa kuvuka, na hakuna rejista inayofunguliwa kwa ajili yao. Mtoto anayeona hivyo hufahamu mapema kwamba bahari ni udhuru kwa baadhi ya watu tu.

Shangazi wa Langoni

Nawashukuru sana nyote. Mwalimu wa Faza, anasoma Kilimo, tena ndilo somo analolipenda. Nilizungumza na mjomba wake jana baada ya Isha. Hakukataa, lakini aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Shemeji, hiyo shule inataka nini hasa, nisimchukue kabisa, au nisimchukue siku fulani?" Kwa dada yake nimekwishaomba miadi na mwalimu wa darasa.

Mwalimu wa Kemia, Faza

Shemeji yako ameuliza swali la maana, na angeliuliza shuleni angejibiwa. Nitaanza na Kilimo. Maagizo ya mradi hutolewa na KNEC mapema katika mwaka wa kidato cha nne, na mwanafunzi huutekeleza katika shamba la shule kwa miezi kadhaa, huku mwalimu akitia alama kwa kila hatua: kutayarisha ardhi, kupanda, kupalilia, kuweka kumbukumbu za matumizi na mavuno. Hatua iliyopita haingoji mtu. Angalia pia kwamba mwanzo wa mwaka ni msimu wa kaskazi, bahari imetulia, pweza wapo na bei inavutia. Na wakati huohuo ndipo shule hushughulikia usajili wa KCSE, ambapo mtahiniwa anatakiwa kuhakiki jina lake dhidi ya cheti cha kuzaliwa na kuthibitisha masomo yake. Mambo yote matatu yatamwangukia Januari na Februari. Akilipoteza Kilimo, kumbuka kwamba tangu 2023 gredi ya wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Somo analolipenda ndilo linalopaswa kuwa miongoni mwa hayo matano, hasa ikiwa anaitafuta C+ ya kuingilia chuo kikuu.

Kuhusu siku, mimi nisingemwambia mjomba asimchukue kabisa, ingawa najua wenzangu wengine hawatakubaliana nami. Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la kupwa na kujaa kwa maji la mwaka mzima. Chukua jedwali hilo na ratiba ya vipindi vya darasa, uvilaze pamoja mezani, wewe, mjomba na kijana mwenyewe. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi na hudumu siku kadhaa, kwa hiyo mara nyingi mojawapo ya siku hizo huwa Jumamosi au Jumapili. Hizo ziwe za mjomba. Siku za maabara na za shamba ziwe za shule bila mjadala. Zikibaki siku mbili tatu katika muhula ambazo nyumba haiwezi kabisa kuziacha, ziombewe ruhusa kabla, si kuelezwa baada.

Ruhusa hiyo iombwe kwa barua. Iandike kwa mwalimu wa darasa, na nakala impelekee naibu aliyekuita. Taja tarehe zenyewe badala ya kusema "siku chache", taja vipindi vitakavyokosekana, na uombe kijana apewe nafasi ya kufidia maabara siku za maji mafu, ambazo bahari haipwi sana, baada ya vipindi vya jioni. Mwalimu wa kemia huenda akanung'unika, kwa sababu kuitayarisha maabara kwa mwanafunzi mmoja ni kazi. Wakipatikana wengine wanne watano wenye pengo hilohilo, na katika shule ya kisiwani hawakosekani, atakubali kwa wepesi zaidi. Weka nakala moja nyumbani iliyogongwa muhuri wa shule.

Mjumbe wa Bodi, Mpeketoni

Na mjomba atie sahihi pia katika barua hiyo. Shule ikiona jina la anayemchukua kijana, itajua ni nani wa kuzungumza naye Januari ikifika.