Okestra ya Kizungu na ala za Kichina jukwaa moja: nisikilize nini hasa?

Mgeni_Shanghai:

Habarini wakuu. Niko masomoni huku Shanghai, mwalimu wangu wa lugha kanipa tiketi ya konseti ya Jumamosi ijayo. Ni okestra kamili ya Kizungu, violini, selo, matarumbeta na makorokoro yote, halafu mbele yao anakaa mpigaji wa erhu, lile zeze la Kichina la nyuzi mbili. Nimeipitia programu, wanaanza na ovacha (kipande cha ufunguzi) ya Li Huanzhi ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, kisha Wapenzi Vipepeo ambayo kila nikiitafuta mtandaoni naona inapigwa kwa violini ila hawa wameandika erhu, mapumziko, halafu wanamalizia na Simfonia namba 9 ya Dvořák.

Mimi okestra naijua ya kwenye filamu tu kwa hiyo mnivumilie. Huu mchanganyiko ni kitu cha kweli au ni kuweka ala ya Kichina mbele ili watu wapige picha? Na huyo Dvořák kaingiaje hapo wakati si Mchina? Halafu makofi yanapigwa saa ngapi jamani, maana nasikia ukipiga sehemu isiyo yake ukumbi mzima unakugeukia.

Jembe_Butu:

Mkuu nenda ukapate kiyoyozi. Konseti za namna hii kwangu ni kanzu juu ya suti, yaani wanachukua wimbo wa kienyeji wa watu, wanauvalisha vinanda vya akina Tchaikovsky, wanasema Mashariki imekutana na Magharibi. Wimbo wa Kichina wenyewe asili yake ni mstari mmoja wa sauti, una madoido yake, una kuteleza kwake, sasa ukishaumwagia violini 30 chini yake zinapiga sauti nne nne, kilichokutana hapo ni nini? Kimemezwa.

NyuziMbili:

Jembe_Butu una hoja ila umeimaliza mapema mno, ntarudi kwako. Kwanza nimjibu mgeni.

Mdogo wangu una bahati, maana uko mji uleule ambao hiyo Wapenzi Vipepeo ilizaliwa. Iliandikwa na wanafunzi wawili wa chuo cha muziki cha Shanghai, He Zhanhao na Chen Gang, na ikapigwa mara ya kwanza hapohapo Shanghai Mei 1959, violini ikashikwa na Yu Lina, binti mdogo tu ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa chuo hichohicho. He Zhanhao kabla ya chuo alikuwa anapiga kwenye kundi la opera ya Yue, opera ya Zhejiang, na hiyo hadithi ya Liang Shanbo na Zhu Yingtai ndo chakula cha kila siku cha opera hiyo. Binti anajigeuza mvulana ili akasome, anampenda mwenzake wa darasani asiyejua kama ni mwanamke, baba anataka kumwoza kwa mtu mwingine, kijana anakufa, binti anajitosa kaburini, wote wanatoka wakiwa vipepeo. Kila Mchina ukumbini anaijua hiyo hadithi, we peke yako ndo utakuwa unashangaa, kwa hiyo isome kabla hujaenda.

Sasa sikiliza hapa. Kilichofanyika mwaka ule si kuchukua nyimbo za Yue na kuzipeleka kwa violini basi. Walimfundisha mpiga violini kuteleza. Violini ya Kizungu inatua kwenye noti, kidole kinashuka pap, noti ndo hiyo. Mwimbaji wa Yue hatui hivyo, anaifikia noti kwa kuiparamia kutoka chini au kuishukia kutoka juu, na erhu inafanya vilevile, tena kwa erhu ni rahisi zaidi kwa sababu haina ubao chini ya nyuzi, vidole vinaelea hewani vinagusa uzi mtupu. Kwa hiyo violini ya Wapenzi Vipepeo tangu siku ya kwanza ilikuwa inaiga zeze. Ukiona leo wanaipiga kwa erhu ni kama wamerudisha sauti ilikotoka, ila si kirahisi hivyo na hapo ndo patamu.

Violini ina nyuzi nne: sol, re, la, mi. Erhu ina mbili, re na la, na ni re na la zilezile za katikati za violini. Maana yake chochote alichoandikiwa mpiga violini kwenye uzi wa sol, chini kule kwenye sauti nzito, erhu hana, lazima kipandishwe juu au apewe mtu mwingine kwenye okestra. Kule juu nako hana uzi wa mi, inabidi akimbilie juu ya uzi wa la, mkono unashuka karibu na kisanduku cha sauti ambako nafasi kati ya noti na noti ni finyu kweli, kosa dogo tu linasikika. Na singa za upinde zimepita katikati ya hizo nyuzi mbili, huwezi kuutoa upinde, unasukuma nje kupiga uzi mmoja na unavuta ndani kupiga wa pili. Sasa zile sehemu violini inapiga nyuzi mbili tatu kwa mpigo, erhu anafanyaje? Angalia mkono wake zikifika hizo sehemu, ni sarakasi.

Nyingine ya kungoja ni pale wapenzi wanapokutana roshani mara ya mwisho. Mpigaji wa mbele ndo binti, selo kwenye okestra ndo kijana, wanajibizana. Kwenye toleo la violini hao wawili ni ndugu wa damu, violini na selo. Kwenye toleo la erhu mmoja ni Mchina mmoja ni Mzungu na hakuna anayemwigiza mwenzake. Baadaye kaburini utasikia kitu kimetoka moja kwa moja kwenye opera, chini mdundo unakimbia kasi kwa sauti za kugongagonga, juu mpigaji anaimba taratibu kama hausikii ule mdundo. Halafu upatu mkubwa unalia, ndo binti karuka.

Ile ya mwanzo ya Li Huanzhi usiumize kichwa, ni ya miaka ya 1950, ni ngoma za yangge za kaskazini zimepewa okestra, furaha tupu, dakika chache imeisha.

Bi_Kora:

Dada NyuziMbili umemaliza, mi niongezee kwa Dvořák. Hiyo Simfonia namba 9 aliiandika akiwa Marekani, ikapigwa New York mara ya kwanza mwaka 1893. Sehemu ya pili, ile ya taratibu, kuna ala ya kupuliza inaitwa kori anglee inapiga wimbo mmoja mtulivu sana, uusikilize huo wimbo vizuri: umejengwa kwenye sauti tano. Do re mi sol la. Nyimbo kibao za Kichina nazo zinatembea kwenye sauti hizohizo tano. Dvořák hakuwa anaiwaza China hata kidogo, alikuwa anasikiliza nyimbo za Wamarekani weusi na kuzitetea, ila aliyepanga hiyo programu anajua kabisa mtu akitoka kusikiliza erhu nusu saa halafu akakutana na ile kori anglee, sikio litaunganisha lenyewe. Kwa hiyo hakuwekwa kwa bahati mbaya.

Na Wazungu nao waliiwaza China moja kwa moja. Puccini kwenye opera yake ya Turandot, iliyoonyeshwa mara ya kwanza 1926, kaweka wimbo wa Kichina wa Mo Li Hua, ule wa ua la yasmini. Mahler mwaka 1908 na 1909 akaandika kazi kubwa juu ya mashairi ya Kichina ya kale, ya enzi ya Tang, ingawa aliyasoma kwa Kijerumani.

Jembe_Butu:

Haya yote nayajua Bi Kora, ila ona, bado mifano yenu ni ileile, wimbo wa huku nguo za kule. Ile konseto (kazi ya mpigaji mmoja mbele ya okestra) ya piano ya Mto Manjano ndo usiseme, 1969 imetungwa na kamati kutoka kantata, yaani kazi ya kwaya na okestra, ya Xian Xinghai ya 1939, ukifumba macho unamsikia Liszt na Rachmaninoff wanakimbizana. Hata Philadelphia Orchestra walipoenda China mwaka 1973 ndo hiyo wakapewa wapige. Ni siasa na mbwembwe za vidole.

NyuziMbili:

Mto Manjano nakuachia, sikutetei wala sikupingi 😂. Ila usiweke kila kitu kapu moja. Mchukue mtunzi Tan Dun. Huyu ni mtoto wa Hunan, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao alipelekwa kulima mpunga, chuo cha muziki cha Beijing kilipofunguliwa tena akaingia, 1986 akaenda New York. Ana konseto ambayo ala yenyewe ni maji. Mabeseni yamewekwa mbele ya okestra, mtu anayapiga maji kwa viganja, anazamisha upatu ndani sauti inapinda, okestra nyuma inamfuata yeye. Hapo nani kamvalisha nani? Au ile Ghost Opera ya 1994 aliyoandikia violini mbili, viola, selo na pipa (si la maji, ni ala ya Kichina ya nyuzi za kudonoa), ambayo mpiga pipa Wu Man aliipiga na Kronos Quartet, kundi la wapigaji wanne wa Marekani, wapigaji wanapiga kelele, wanagonga mawe, wanachezea karatasi, na humohumo kuna Bach. Na Lou Harrison, Mmarekani, mwaka 1997 kamwandikia Wu Man huyohuyo konseto ya pipa, nyuma kaweka nyuzi peke yake bila tarumbeta hata moja.

Na hilo la kuacha matarumbeta si mapenzi tu, ni hesabu ya sauti. Pipa ukiichapa sauti inakufa hapohapo, ndo maana vidole vyote vitano vinazunguka bila kukoma ili isikike kama imeshikilia noti. Erhu nayo kisanduku chake ni kidogo na uso wake ni ngozi ya chatu, ina sauti nzuri ya pua hivi lakini si kubwa. Mtunzi asiyejua hilo anaandika okestra nzima ipige kwa nguvu, zeze linapotea, fundi mitambo anaongeza maiki, basi unasikia zeze kutoka kwenye spika badala ya kwenye kiti cha mpigaji. Mimi nikiona erhu imewekewa maiki kubwa kwenye ukumbi mzuri huwa nashuku mpangaji wa muziki kabla ya mpigaji. Suona tu ndo haina shida hiyo, lile zumari lao, hata ungeweka okestra mbili litazipita.

Kwa hiyo Jembe hoja yako ya kumezwa ni ya kweli kabisa, ila ni kosa la mtunzi mmoja mmoja.

Jembe_Butu:

Hapo kwenye maiki tumekubaliana. Ghost Opera sijaisikia, ntaitafuta.

(Nje ya mada kidogo: hiyo ngozi ya chatu inasumbua mipakani, kusafiri na erhu kunataka vibali vya wanyama wanaolindwa. Okestra ya ala za Kichina ya Hong Kong wametengeneza erhu zenye utando wa plastiki badala ya chatu, na wanazipiga jukwaani kabisa.)

Tiketi_Mkononi:

Mi nijibu la makofi maana mmemsahau. Wapenzi Vipepeo ni kipande kimoja mfululizo, kama dakika 26 au 28 hivi, hakuna kituo katikati. Kuna mahali panakuwa kimya kabisa utadhani imeisha, haijaisha, tulia. Ule wimbo wa mapenzi wa mwanzoni ukirudi taratibu ndo vipepeo hao, subiri kondakta ashushe mikono. Dvořák ina sehemu nne, makofi mwisho wa ya nne. Mwisho wa ya kwanza ni wa kishindo na mara nyingi kuna watu wanapiga, usijali, hakuna polisi.

Polisi wapo kwenye simu. Kumbi nyingi za China wahudumu wanakaa na taa ya leza, ukiinua simu kurekodi unaona kidoa chekundu kinacheza juu ya skrini yako, na mstari mzima wanakiona. Picha piga mwisho wakati wanainama. Na wahi, ukichelewa mlango unafungwa hadi kipande kiishe, kwa hiyo unaweza kuikosa ovacha yote umesimama korido. Suti si lazima.

Mgeni_Shanghai:

Aisee asanteni sana, sikutegemea majibu ya hivi. Hadithi ya vipepeo nishaanza kuisoma. La mwisho, tiketi yangu ni ya balkoni pembeni, upande wa kushoto ukiangalia jukwaa. Ni mbaya? Naweza kubadilishana na mwenzangu aliyepata katikati lakini nyuma kabisa.

NyuziMbili:

Usibadilishe! Mpigaji wa erhu huwa anakaa kushoto kwa kondakta ukiangalia kutoka kwenye viti, kwa hiyo utakuwa juu yake. Utamwona mkono wa kushoto ukishuka kwenye uzi, kitu ambacho wa nyuma hataona kabisa. Na Jumatatu uje utuambie kama waliweka maiki.