MREJESHO: Zile beji za jeshi la Uingereza nilizouliza nani alizitengeneza

Wakuu habari zenu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa ambao hawakuwepo, niliomba msaada kujua watengenezaji wa beji tatu za kofia za jeshi la Uingereza.

Ile ya Royal Engineers (kikosi cha wahandisi wa jeshi) imejibika. Nilifuata ushauri wa kupiga tochi kwa ubavu badala ya kuimulika beji usoni, na kusugua uchafu taratibu na mswaki mlaini, basi kwenye kile kibamba cha nyuma kinachochomekwa kwenye kofia zikaanza kutokea herufi, J, R, halafu GAUNT, chini yake LONDON, ndo jina la mtengenezaji hilo. Na mdau aliyesema niangalie zile herufi za mfalme katikati ya beji, ahsante sana, ni GVIR yaani mfalme George VI, kwahiyo inaangukia miaka ya utawala wake, 1936 hadi 1952. Aliyeshauri niing'arishe na dawa ya shaba anisamehe, hiyo sijagusa, rangi ya uzee ndo utamu wenyewe.

Ya plastiki nayo freshi, nyuma imeandikwa A. Stanley & Sons Walsall, ni zile za vita vya pili vya dunia walipokuwa wanabana matumizi ya chuma.

Ya tatu ndo imegoma. Haina muhuri wowote, ina vitanzi viwili tu nyuma, na kama mlivyosema beji nyingi za zamani zilitoka kiwandani hazijapigwa jina. Nimeiandikia "haijulikani" nikaiweka kwenye albamu.

Shukrani wote, mada naifunga.