Helmeti kwenye filamu na gemu za vita: tudai uhalisia hadi kwenye mshono?

Kepi14: Wadau, filamu au gemu ikijinadi kuwa ni "historia halisi", halafu imvalishe askari helmeti ambayo kiwanda kilikuwa hakijaitengeneza, huo ni uongo, na bajeti si kisingizio. Chukueni Normandy, Ufaransa, majeshi ya Washirika yalipotua Juni 1944. Helmeti ya Mmarekani, M1, ina utepe mwembamba wa chuma ukingoni, na ncha zake hukutana sehemu moja. Hadi mwishoni mwa 1944 mshono huo ulikuwa mbele, juu ya paji la uso. Ukiuona uko nyuma kwa askari anayetua ufukweni, kavaa kitu cha kesho. Vita Kuu ya Kwanza, ya 1914, ndiyo aibu kabisa. Vilipoanza, askari wa miguu hawakuwa na helmeti ya chuma: Wafaransa walivaa kepi za kitambaa mpaka helmeti yao ya chuma, Adrian, ilipokuja 1915, Wajerumani ngozi yenye mwiba mpaka Stahlhelm, yao ya chuma, ya 1916, na Waingereza wengi walisubiri ya kwao, Brodie, hadi 1916 vilevile.

MchoraGemu: Kuhusu 1914 sina ubishi. Ila mshono, mkuu? Mchezaji ana nusu sekunde ya kujua aliyetokea mlangoni ni wa kwake au adui, na anamjua kwa umbo la kichwa: Brodie ni sahani, Stahlhelm imeshuka masikioni, M1 ni bakuli. Ndiyo maana Mwingereza wa 1944 huachiwa sahani ya Mk II, toleo la baadaye la Brodie, ingawa wengine walishatua na Mk III yenye umbo la gamba la kobe. Mk II zilikuwa bado nyingi, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa hapo.

FundiRangi: Kwenye bajeti namuunga mkono Kepi14, kwa sababu kazi yenyewe si ngumu. M1 za mitumba ya jeshi nyingi ni za baada ya vita. Zile za miaka ya 1960 kuendelea zina kina kifupi kidogo, hivyo ziwekeni safu ya nyuma, mbali na kamera. Zilizobaki, ondoa ukanda wa kidevuni wenye klipu. Wa wakati wa vita ulishonwa moja kwa moja kwenye vishikio, yaani vipete vya chuma vya pembeni mwa helmeti. Kisha rangi: piga msasa, paka kijani cha jeshi kisichong'aa, na rangi ingali mbichi nyunyiza unga laini wa koki, lile gome jepesi la kutengenezea vizibo. Ikikauka, pangusa unaolegea kwa brashi, malizia na tabaka la pili jembamba la rangi. Wengi huharibu hapa: wanamwaga mchanga wa punje kubwa, na kamera ikisogea kichwa kinaonekana kama karatasi ya msasa.

Vishikio navyo vina tarehe. Vya kwanza vilichomelewa bila kucheza, helmeti ikidondoka vinakatika, ndiyo maana vikaletwa vinavyozunguka, kuanzia mwishoni mwa 1943. Normandy changanya vyote viwili. Kasserine, vita vya Tunisia vya Februari 1943, usithubutu kuweka vinavyozunguka.

Kwa Wajerumani, wengi hutumia za Hungaria au Hispania. Ya Hungaria ina kishikio cha chuma nyuma, ya Hispania mbele. Kata kwa grenda, ziba matundu, piga msasa. Ukingo ndio unaoumbua, kwani Stahlhelm ina matoleo yenye jina la mwaka: M35 (1935) na M40 umekunjwa kwa ndani, M42 umeachwa wazi na kubinuka nje. M42 kwenye uvamizi wa Poland 1939 ni kichekesho.

Kobe44: Mnahesabu vishikio huku mwigizaji kavaa plastiki! M1 pamoja na ganda lake la ndani ina takriban kilo 1.3. Ukikimbia nayo bila kufunga ukanda inayumba, mkono unapanda wenyewe kuishika. Ya plastiki imetulia kama nywele, na mtazamaji anahisi kasoro hata kama hajui jina lake. Kibaya zaidi ni ganda la chuma bila la ndani: kamba za kushika kichwa ziko kwenye la ndani, kwa hiyo lile la nje linadondokea machoni. Na msiwalaumu waongozaji kwa kanda zisizofungwa. Askari wengi walizifunga nyuma ya helmeti wakihofia mshindo wa bomu ungewavuta shingo.

Kepi14: Uzito nakubali. Lakini mkiruhusu "umbo linatosha", mwisho wake ni pembe za Waviking. Zile zilipata umaarufu kwa mavazi ya opera ya 1876 ya Wagner, mtunzi wa muziki Mjerumani. Helmeti ya Kiviking ya Gjermundbu, iliyopatikana Norway mwaka 1943, haina pembe hata moja.

MchoraGemu: Pembe ni kitu ambacho hakikuwepo, mshono wa nyuma ulikuwepo, umekosea miezi tu. Mkitaka kutubana wa gemu, tubaneni kwenye hili: helmeti inayozuia risasi ya bunduki iliyoipiga moja kwa moja. Chuma cha M1 kina unene wa takriban milimita moja tu, na kazi yake ilikuwa vipande vya mabomu.

FundiRangi: Hilo la risasi ni kweli. Ila miezi hiyo ni ya kugeuza tu, mkuu: kwenye modeli ya kompyuta mshono unahamishwa mara moja na askari wote wanapona. Sisi tunakata chuma moja moja.

MchoraGemu: Hapo umenipata.