Keki yenye jozi ya jutti (viatu vya asili) za Kipunjabi: ncha zinalala, dhahabu inachuruzika

Mpambaji_Tudor: Wadau, nina oda ya keki ya harusi ya Kalasinga hapa Mombasa, Jumamosi. Juu wanataka jozi ya jutti za fondanti (donge la sukari la kupambia keki), sm 12, nyekundu zenye darizi ya dhahabu na ncha iliyopinda. Jaribio la kwanza ncha zimelala, na poda ya dhahabu niliyokoroga kwa maji imechuruzika. Nakosea wapi?

FundiFondanti: Fondanti tupu haisimami, hasa kwa unyevu wa Pwani. Kandia kijiko 1 cha chai cha CMC (poda ya kukazia fondanti) kwa kila gramu 250, funga kwenye plastiki, ipumzike saa kadhaa. Chora kipimo kimoja tu cha karatasi: jutti ya asili haina kulia wala kushoto, mguu wenyewe ndio unaiumba. Soli mm 5, bapa, usiweke kisigino! Ikaushe siku nzima, ncha ikiegemea kipande cha foili kilichoviringwa. Halafu sukuma fondanti ya sehemu ya juu ya kiatu mm 3, kata kipande cha mbele na ukanda wa nyuma, gundisha kwa gundi ya kuliwa, jaza tishu ndani mpaka ikauke ndipo uitoe. Gundi ikizidi, ukanda unateleza. Anza leo.

BiSukari: Dhahabu ikoroge kwa vodka. Maji yanayeyusha sukari, spiriti inaruka kabla haijaharibu kitu. Darizi ichore kwa aisingi ya ute wa yai 1 na sukari ya unga gramu 200 hivi, mdomo wa mfuko wa aisingi namba 1. Uzi ukikatika, aisingi ni nzito. Ukitambaa, ongeza sukari.

JikoLaNyali: Bi Sukari, hapo pa vodka na yai taratibu. Kalasinga waliobatizwa hawagusi pombe, na wengi hawali mayai. Dada, waulize wenye harusi kwanza, na usome pakiti ya fondanti, nyingine zina jelatini, ambayo hutokana na wanyama. CMC haina shida, inatokana na mimea. Darizi ifanye kwa nyuzi nyembamba za fondanti, paka mafuta ya mboga kidogo sana, kisha pitisha poda ya dhahabu kavu kwa brashi. Poda iwe imeandikwa ni ya kuliwa. Ile iliyoandikwa tu "haina sumu" ni ya pambo.

Mpambaji_Tudor: Asanteni. Zikishakauka niziweke friji?

FundiFondanti: Hapana. Zikitoka zitatoa jasho na ncha zitalala tena. Ziache kwenye boksi la karatasi, uzipandishe kwenye keki ukumbini, juu ya kibao chembamba kilichoshikwa na mirija 4 ndani ya keki.