Duka limevunjwa, wakubwa wanajibu kwa "risasi ya mguu". Mkopo nitaulipa na mguu wa nani?

Wadau, leo sinyamazi. Niko na kaduka ka simu na chaja katikati ya Nairobi. Juni 25, 2025 sikufungua kabisa, maana kila mtu alijua vijana wanaingia mjini kuwakumbuka wenzao waliouawa mwaka uliotangulia. Jioni mlango ukang'olewa. Walichoacha ni kalenda, kiti na mkopo wa sacco, huo haubebeki.

Waliong'oa mlango ni wezi na hilo halina mjadala. Huu uzi ni wa wakubwa.

Kesho yake tu, Waziri wa Usalama wa Ndani, Murkomen, akawaambia polisi wampige risasi yeyote anayekaribia kituo cha polisi kwa nia mbaya. Julai 9 Rais Ruto naye akasema anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, aende hospitali akielekea kortini. Eti hayo yanasemwa kwa niaba yetu sisi wafanyabiashara! Nani alituuliza? Mguu wa mtu ukitobolewa mimi napata nini, hata kava moja ya simu itarudi?

Na risasi za hapa tunajua zinavyolenga. Juni 17 mwaka huo huo kijana aliyekuwa akichuuza barakoa alipigwa kichwani, kwa karibu, kamera zikiona. Mwisho wa mwezi akafa. Mkononi alikuwa na bidhaa, kama mimi. Siku hiyo hiyo wahuni wenye rungu na mijeledi walipita na pikipiki wakicharaza waandamanaji, na polisi walikuwa pale pale. Sasa kiongozi akilalamika kuhusu fujo, atuambie kwanza nani aliwalipia wale mafuta. Maana waandamanaji ndio tumeona wakipelekwa mahakama ya Kahawa, hapa Nairobi, kwa mashtaka ya ugaidi. Ugaidi, jamani!

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa wanaijua. Vijana walianza kujaa barabarani Juni 18, 2024. Walichotaka kilikuwa kimoja, Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, uondolewe. Wiki nzima wakaitwa watoto wa mitandaoni, wabunge wakaupitisha Juni 25, na Bunge likavamiwa siku hiyo hiyo. Usiku Rais akatokea kwenye runinga akizungumzia uhaini. Baada ya hapo? Juni 26, hata saa 24 hazijaisha, mtu yule yule akasema hatautia sahihi. Kumbe iliwezekana! Basi kwa nini isiwezekane Juni 19, au 20, wakati mama zao bado wanao? Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu zaidi ya watu 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka ule. Julai 11 baraza la mawaziri likavunjwa, tukapiga makofi, halafu sura kadhaa zikarudi zile zile, nyingine zimebadilishiwa wizara tu.

Sabasaba, yaani Julai 7, ya 2025 wakaja na mbinu nyingine: kufunga barabara za kuingia mjini. Kwa hiyo usipoibiwa na wahuni, unafungiwa na serikali. Kodi ya nyumba ya duka mwenye nyumba hakupunguza hata siku moja.

Halafu mtu ananiambia ungekata bima. Nilikuwa nayo, bwana. Bima ya kawaida ya moto na wizi haigusi machafuko ya kisiasa. Hiyo ni bima nyingine, ya kulipia kando, na nani mwenye kaduka anaikata?

Agosti likaundwa jopo la fidia kwa waathiriwa wa maandamano chini ya Profesa Makau Mutua, likapewa siku 120. Septemba Mahakama Kuu ikalisimamisha, wanasheria wakaanza kubishana ni kazi ya nani. Wenye makaburi wanasubiri, wenye maduka tunasubiri, na sacco haijui jopo ni nini. Kabla ya kutisha watu na bunduki, kiongozi angetuma hata karani mmoja na daftari apite mtaani kuandika nani kapoteza nini. Kwetu hajafika mtu.

Kwa hiyo nauliza, na wapambe wa serikali mkae kando kwanza: kuna mfanyabiashara yeyote humu aliyelipwa hata shilingi mia kwa hasara ya Juni 25? Kama yupo, aseme alipitia ofisi gani na alipeleka karatasi zipi. Zangu ninazo tayari, na picha za mlango.