Ganzi ya mkono usiku: ni kazi ya minofu peke yake?

Mkazi wa Nyakato
Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu mdogo ana miaka 49 na ni mkata minofu ya sangara kiwandani hapa Mwanza. Siku hizi huamshwa usiku na ganzi inayowaka kwenye dole gumba na vidole viwili vinavyofuata, mpaka aukung'ute mkono ndipo apate nafuu. Daktari amesema neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Wenzake wanashika kisu kama chake, kwa saa zilezile, na hawaumwi. Ni watu gani hasa wanaopatwa na tatizo hili?

Tabibu wa Igoma
Mpe pole mama. Neva hiyo hupita kwenye njia finyu iliyozungukwa na mifupa na ukano mgumu, ikiwa imesongamana na kano 9 zinazokunja vidole, kwa hiyo uvimbe wowote humo ndani huibana. Kukamata kisu kwa nguvu na kwa kurudiarudia, tena kwenye baridi ya samaki wa barafu, huchangia kweli. Lakini mwili nao una sehemu yake: wanawake huugua zaidi kuliko wanaume, hasa kati ya miaka 40 na 60, na hatari huongezeka kwa mwenye kisukari, unene, baridi yabisi, tezi ya shingo isiyofanya kazi vya kutosha, au kifundo kilichowahi kuvunjika. Wajawazito pia hupatwa, na wengi wao hupona baada ya kujifungua. Amewahi kupimwa sukari? Inanisikitisha kuona kisu kikilaumiwa peke yake huku kisukari kikiendelea bila kujulikana.

Mshona nyavu, Kirumba
Shikamoo daktari. Ganzi yangu iko kwenye kidole cha mwisho. Ni ugonjwa huohuo?

Tabibu wa Igoma
Marahaba. Hapana, kidole hicho kina neva nyingine, ambayo mara nyingi hubanwa kwenye kiwiko. Ukapimwe kivyako.

Mkazi wa Nyakato
Ahsante sana daktari. Sukari hajawahi kupima. Nitampeleka wiki hii. Je, aendelee na kazi?

Tabibu wa Igoma
Akilala avae banzi la kunyoosha kifundo, na aombe kubadilishiwa kazi kwa muda. Mtazame nyama ya chini ya dole gumba: ikianza kunywea, au vyombo vikimponyoka, mpeleke hospitali ya Bugando mapema, kwa maana upasuaji huukata ule ukano mgumu (si kano za vidole) na kuipa neva nafasi, ila msuli uliokwisha kunyauka huenda usirudi.